Swali la Kuhama

Kwetu Kirushya, wilaya ya Ngara, ukisikia hodi ya mtu mwenye kishikwambi, unaficha sofa. Nyamigogo, upande wa Biharamulo, wanaficha ng'ombe. Haya niliyajua kabla sijafundishwa chochote kuhusu kupima maendeleo ya watu, na ningewaambia wenye mradi bure kabisa kama wangeniuliza. Hawakuniuliza. Waliniajiri niwe mdadisi, wakanipa fulana, kofia na kishikwambi, wakaniketisha kwenye semina katika ukumbi mmoja wa Biharamulo mjini, nikafundishwa jinsi ya kumuuliza mtu mzima kama jana alikula.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani, na nimeshachoka kuulizwa na kila anayepita njiani lini nitapata kazi. Kwa hiyo niliupenda ule utafiti kwa moyo wote. Walitaka kujua nani anafanya biashara gani vijijini, yeye mwenyewe anaonaje maisha yake, na kwa nini Ngara na Biharamulo, wilaya zinazopakana, hazifanani kwa hali. Dodoso lilikuwa refu kama ibada ya Pasaka. Kabla ya kuanza tuliinua mkono wa kulia, tukaapa kwamba tutakachoambiwa katika nyumba ya mtu hatutakitoa nje, si kwa rafiki, si kwa ndugu, si kwa kiongozi. Mimi nikiapa nimeapa. Hiyo ni tabia yangu mbaya tangu utotoni, na mama yangu atakuthibitishia.

Sasa nieleze habari ya sofa na ng'ombe, maana bila hiyo mengine hayataeleweka.

Baba yangu alikuwa kijana wakati makambi ya wakimbizi yalipokuwa Lukole. Aliona kwa macho yake jinsi mtu anavyopangwa mstari, anahesabiwa, anapewa kadi, kisha anapewa unga, maharage na mafuta ya kopo. Baba hakuwa mkimbizi, alikuwa mwenyeji, hakuhesabiwa. Mafuta yale yale aliyakuta sokoni, akayanunua kwa hela yake, na kinyongo hicho amekilea hadi leo. Alijiapiza kwamba siku watu wa kuhesabu watakaporudi, hawatamkuta ameshiba. Na si yeye peke yake. Kwa wengi wa rika lake pale kwetu, kuhesabiwa ndiyo njia ya mgao, na mgao hauji kwa mwenye nacho.

Nyamigogo ni kinyume chake. Huko wapo wakulima na wafugaji waliotoka Mwanza na Shinyanga, wengine wakiwa vijana wabichi na mifugo yao mbele, na wamehama zaidi ya mara moja. Kwao anayehesabu ng'ombe leo, kesho atakuja kusema ni wengi mno. Kwa hiyo unamkuta mzee mwenye boma linalonguruma kama radi ya masika, naye anakwambia ana ng'ombe wa kumkamulia mjukuu tu.

Kwenye semina nyuma yangu alikaa kijana mrefu wa Nyamigogo. Siku ya kwanza aliniuliza kama ni kweli Ngara mtoto anaachishwa ziwa kwa ndizi na mzee anaagwa kwa ndizi. Nikamjibu kwamba ni afadhali sisi kuliko watu wanaolala chumba kimoja na ndama. Akacheka hadi mwezeshaji akanyamaza kumsubiri. Tukazoeana hivyo, kwa kutukanana vizuri. Semina ilipokwisha nilikuwa nachana nywele asubuhi kwa bidii ambayo haikuwa na uhusiano wowote na takwimu.

Sheria ilikuwa kwamba hakuna mdadisi anayefanya kazi katika kata ya kwao, kwa sababu ndugu watamficha au yeye atawapendelea. Msimamizi wetu, mtu wa kupenda mambo mepesi, alitutazama sisi wawili akatubadilisha. Mimi Nyamigogo, yeye Kirushya. Kaya zenyewe zilichaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya kishikwambi, mtu huna la kuchagua.

Kaya hiyo ninayotaka kuisimulia niliifikia asubuhi, umande ukiwa bado kwenye mahindi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia kichwani, fimbo magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Karibu, kaa. Umetumwa na nani?"

"Mayu" kwa Kisukuma ni mama, na binti huitwa hivyo kwa heshima. Nikaeleza nilivyofundishwa. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, akasema niulize tu, yeye hana siri. Nikamuuliza ng'ombe. Akatazama mbinguni kama anayemkumbuka marehemu, akanitajia idadi ambayo kwa kiapo changu siwezi kuisema, ila ilikuwa ndogo. Nyuma ya nyumba fahali akanguruma, wakamwitikia wenzake, na wakaendelea kumwitikia.

"Na hao, baba?"

"Hao wa jirani."

Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya mto. Nikaandika nilichoambiwa, maana mdadisi habishani na mhojiwa. Nikamuuliza kama kaya yake ina biashara yoyote. Akasema hapana. Mashine ya kusaga iliyokuwa ikipiga kelele pale barabarani, foleni ya akina mama na ndoo zao hadi kwenye mti, ilikuwa yake, lakini ile si biashara, ni mashine. Mkokoteni unaokodishwa kijiji kizima wakati wa mavuno nao si biashara, ni mkokoteni. Biashara ni duka lenye mlango, na yeye hakuwa na duka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wataalamu huandika kwamba vijijini hakuna wajasiriamali.

Tukafika kwenye swali la ngazi. Unamwambia mtu afikirie ngazi, chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote, juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote, yeye amesimama wapi? Mzee aliacha mchezo. Akafikiri kweli, akaniambia yuko karibu na juu, lakini si juu kabisa, kwa sababu juu kabisa kuna upepo. Nilimpenda hapo hapo.

Swali la mwisho lilikuwa jepesi, ndiyo au hapana. Je, kaya hii ina mpango wa kuhama eneo hili katika miaka ijayo?

"Tutahama," alisema, bila hata kufikiri. "Majani yakiisha, tutahama. Ng'ombe hali ahadi, mayu."

Nikabonyeza ndiyo. Mke wake akanikaribisha ndani nile ugali na maziwa mgando, na pale ukutani, juu ya kabati, nikaona picha ya kijana mrefu amevaa joho la mahafali. Alikuwa anacheka kama anavyocheka kwenye semina. Nikaweka bakuli chini. Nilikuwa nimetoka kumdadisi baba yake, na nimeandika kwa kidole changu mwenyewe kwamba watu hawa wataondoka.

Jioni ile ile mama yangu akanipigia simu, hasemi, anacheka tu. Mdadisi alikuwa amekuja nyumbani. Mrefu, ana adabu, anakula ndizi sahani baada ya sahani bila kusukumwa. Na baba, alisema mama, alimweleza yule kijana wa watu kwamba hapa tunakula mara moja, paa linavuja, kahawa imekauka yote, na rubisi, ile pombe ya ndizi anayoipika mama kila juma kuuza, ni ya kukata kiu. "Nilipaza sauti kutoka jikoni nikasema mwongo huyo! Baba yako akamwambia, umeona, njaa imemfikisha hapo." Na yote hayo baba aliyasema akiwa amekaa juu ya sofa jipya, ambalo alisahau kulificha.

Yule kijana hakuniambia neno kuhusu baba yangu, nami sikumwambia neno kuhusu baba yake. Tulikutana mwisho wa juma, tukanywa soda, tukajua kila mmoja anajua, maana na kwetu picha yangu iko ukutani, tukazungumza habari za mpira. Sijawahi kumwamini mtu haraka namna ile. Kazi ya mradi ikaisha, yeye akapata ajira ya ualimu Biharamulo, mimi nikafungua kibanda cha kuuza vifaa vya simu Ngara mjini, na urafiki ukaendelea hadi akaniambia anataka kutuma mshenga.

Baba alifurahi kusikia kuna mchumba. Furaha ilidumu hadi alipoonyeshwa picha.

"Huyu ni yule mdadisi."

"Ndiye, baba."

"Yule niliyemwambia tunakula mara moja?"

"Mimi sijui ulimwambia nini."

"Hapana. Haiwezekani. Nitamtazamaje usoni? Atasema nakuoza kwa sababu ya njaa!"

"Mwambie msaada umefika," mama akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Tulicheka wote, hata yeye mwishowe. Lakini aibu ya baba haikuwa ndiyo kizuizi chenyewe, na hilo lilijitokeza siku chache baadaye nilipomfuata migombani. Alikuwa anakata majani makavu na kuyatandaza chini. Baba yangu alizaliwa ndani ya shamba lile, na baba yake kabla yake. Dada zangu waliolewa karibu, mmoja ukimwita kwa sauti kubwa anaitika. Mimi ndiye wa mwisho.

"Hawa wafugaji," alisema bila kugeuka, "sina ubaya nao. Lakini ni watu wa kuhama. Leo Nyamigogo, kesho utasikia wako Katavi, keshokutwa hujui wako wapi. Mimi nitakuja kukutafuta wapi?"

Nikaokota majani aliyoyakata, nikamsaidia kutandaza.

"Wewe ulikwenda kule kuuliza maswali. Nasikia yule mzee ulimhoji. Mlikuwa na swali la kuhama, maana mwanawe hata mimi aliniuliza, nikamcheka. Yule mzee alisemaje?"

"Baba, niliapa."

"Uliapa kwa nani? Mimi si baba yako?"

"Niliapa, baba."

Alichoma panga lake kwenye moto aliokuwa ameuwasha pembeni, kama anavyofanya kila anapotoka shina moja kwenda jingine ili asieneze ugonjwa wa mnyauko, na hakusema nami tena hadi jioni. Sikulala vizuri siku zile. Ningekuwa na jibu zuri, labda ningevunja kiapo nikalitoa, Mungu angenisamehe. Lakini jibu nililokuwa nalo lilikuwa lile alilokuwa analiogopa, na mimi mwenyewe nilikuwa naliogopa.

Alikubali tu wageni waje wasikilizwe. Walikuja Jumapili baada ya misa, gari la kukodi limejaa hadi mlangoni, mzee wa Nyamigogo mbele na kofia yake. Kwetu baba wa binti hasemi siku hiyo. Anakaa kimya kama mgonjwa, anasemewa na ndugu yake. Kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji, na upande wao mshenga, mtu mwembamba mwenye maneno mengi.

Walipofika kwenye ng'ombe, mshenga akaanza kulia umaskini. Ng'ombe hakuna, ukame, magonjwa, waliobaki ni wa kuhesabika kwa vidole. "Na kama hamuamini," akasema, "binti yenu mwenyewe alifika pale nyumbani, aliuliza, akaandika. Muulizeni!"

Nikaitwa kutoka jikoni, na kitenge changu kipya, nikapiga magoti kuwaamkia. Nyuso zote zilinigeukia. Mchumba wangu alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Wazee wangu," nikasema, "ni kweli nilifika na niliandika. Lakini nilichoandika si changu. Siwezi kukisema hapa."

"Hata kama kinawasaidia wazazi wako?" akauliza baba mdogo, amekasirika kidogo.

"Hata hivyo, baba."

Mzee wa Nyamigogo akaanza kucheka. Akacheka hadi akavua kofia. Kisha akamgusa mshenga wake begani, akamwambia aache, kwamba wale ng'ombe wa jirani wamerudi kwake, na ng'ombe wanaotakiwa watapatikana. Baba mdogo akapiga makofi. Akina mama jikoni wakapiga vigelegele, mimi nikadhani yamekwisha.

Baba akasimama. Mtu ambaye hakupaswa kusema alisimama.

"Mwenzangu," alisema, "ng'ombe nimesikia, asante. Mimi nina jambo moja. Mtahama?"

Baba mdogo alimvuta koti. Hakukaa.

Mzee wa Nyamigogo hakumjibu yeye kwanza, alinitazama mimi. "Hukumwambia?"

"Hapana, baba."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Alizungusha fimbo yake. Mimi bado nilikuwa nimepiga magoti, na nilitamani sana mtu aniruhusu nirudi jikoni.

"Nilimwambia tutahama," alisema. "Sikumdanganya. Ng'ombe nilidanganya, hilo sikudanganya. Mama yangu nimemzika Shinyanga, baba yangu nimemzika Geita, na leo sijui nani anapalilia makaburi yao. Mtu akiniuliza kama nitahama nasema ndiyo, kama wewe ukiulizwa kama utakufa. Sijawahi kukaa mahali pa kunishika mguu."

Baba alishika mgongo wa kiti chake. Nikajua kwamba kama atakaa chini sasa, mambo yamekwisha, hakuna msemaji wala mshenga atakayeyafufua.

Lakini yule mzee alikuwa hajamaliza. Aligeuza uso akatazama nje ya mlango, migomba ya baba ilipoanzia, karibu kabisa na ukuta, kama ilivyo kwenye nyumba zote za kwetu.

"Hii," aliuliza, "inachukua muda gani mpaka izae?"

Nitamshukuru Mungu kwa swali hilo hadi kaburini. Baba yangu anaweza kunyamazia tusi, anaweza kunyamazia njaa, lakini hawezi kunyamazia swali la mgomba. Akamwambia inategemea aina, inategemea mbolea, mwaka na ushee ukiutunza. Ukishazaa unakata, lakini haufi, ameshabaki mtoto pembeni, na mtoto ana mtoto wake. Kuna shina pale, akasema, alilipanda babu. Mzee akasema hawezi kuamini. Baba akasema njoo nikuonyeshe. Na wakatoka, wazee wawili na viatu vyao vya Jumapili, wakazama migombani, wakamwacha mshenga na baba mdogo wakitazamana juu ya bilauri za rubisi.

Walikaa huko hadi chakula kikapoa. Tulikuwa tunasikia sauti ya baba tu, inafundisha. Samadi ya ng'ombe unayo? Basi wewe ni tajiri, hujui tu! Usichimbe shimo jembamba. Panga lichome kwanza. Waliporudi walikuwa na tope hadi kwenye ndimi za viatu, na baba amebeba miche mikononi kama mtu anayetoka kubatiza mapacha.

"Majani yakiisha," mzee akatuambia sote, "ng'ombe wataondoka na vijana. Mimi nitakaa nilinde hii. Siku ile binti aliponiuliza, sikuwa na kitu cha kulinda."

Baba akamwambia, "Tutaona." Alilisema polepole, kwa wasiwasi ule ule. Kisha akaenda kupakia miche kwenye gari lao, akapakia na kupakia, hadi wageni wakaondoka wamekunja miguu vitini, na mshenga amepakata mgomba.

Siku moja kabla ya harusi mradi ulitualika wadadisi wote kusikiliza matokeo. Mtaalamu alituonyesha ukutani picha za rangi, hali ya maisha ya wilaya hizi mbili, akasema zinashangaza kwa jinsi kaya nyingi zilivyo duni. Mimi na mchumba wangu tulikaa nyuma tumebana midomo. Sisemi utafiti ule ulikosea. Nasema tu kwamba baba zangu wawili wamo mle ndani.

Sasa ninaishi Nyamigogo, kibanda changu cha simu nimekihamishia hapa, kando ya mashine ambayo si biashara. Miche ya baba ilishika. Mkwe wangu, yule mzee, aliizungushia miiba kwa sababu ndama waliitamani, na kila aliyepita alimcheka, Msukuma mzima analinda migomba kama ana kichaa. Yeye aliwajibu kwamba kichaa ana mashina mengi kuliko wao.

Kiangazi kilichopita majani yakaisha kweli. Mto ukabaki madimbwi. Shemeji zangu wakafunga mizigo, wakawapeleka ng'ombe mbali kusini, wakikaa huko na mifugo. Asubuhi walipoondoka vumbi lilijaa uani, boma likawa tupu, na kimya chake kilikuwa kizito kwa mtu aliyezoea ngurumo. Habari zilifika Kirushya kabla vumbi halijatulia. Simu ikaita, ni baba, na hakuniamkia wala hakungoja nimwamkie.

"Nasikia wameondoka."

"Ng'ombe wameondoka, baba."

"Na yeye?"

Nikatoka mlangoni kutazama. Mkwe alikuwa anatoka bafuni, taulo begani, ameinama amebeba beseni la maji aliyoogea, anatembea taratibu asiyamwage, kuelekea kwenye migomba.

"Yupo," nikasema. "Anamwagilia."

Nikamsikia baba anapenga kamasi, na mimi macho yakanijaa machozi, nikakaa pale kizingitini.

"Mwambie asimwagie shinani kabisa," alisema. "Amwagie pembeni kidogo, penye matandazo."